Alama za Bukuru

Tulipomzika mama, mwezi wa tatu mwaka huu, katekista alisimama kando ya kaburi na karatasi yake, akasoma kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, muuguzi Bukuru, na wajukuu wanne. Watu wakanigeukia kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekodolea macho ule udongo mwekundu wa Kibondo, na kwa muda nikajikuta nasubiri huyo Bukuru ajitokeze, achote udongo wake na kuutupa kama mtoto mkubwa anavyopaswa. Jina langu ni Toyi. Nimefanya kazi wodini kwa jina lisilo langu, nimeolewa nalo, nakaribia kustaafu nalo, na aliyekuwa akiniita Toyi alikuwa mama peke yake, tena ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Naandika haya kabla na mimi sijaanza kusahau ni yupi kati yetu aliyebaki.

Habari za ukoo wetu nitaziacha, zina watu wengi mno na ugomvi wa mashamba. Inatosha kusema tulizaliwa mapacha. Kwetu anayetangulia kutoka huitwa Bukuru na anayemfuata huitwa Toyi, awe wa kike au wa kiume, na hakuna anayekuuliza kama umelipenda. Ukiita Bukuru katika soko lolote kati ya Kibondo na Kasulu watageuka watu kadhaa. Bukuru wetu alifariki tukiwa na miaka minne, kwa homa, na sura yake siikumbuki hata nikijikaza vipi. Lakini neno hilo nililoliandika hivi punde, alifariki, mama hakuruhusu litamkwe nyumbani. Pacha hafi, alisema, na alichopewa mmoja lazima apewe na mwenzake, vinginevyo aliyekosa atakuja kudai. Nikinunuliwa kanga, zilinunuliwa mbili. Nikipata daftari, jingine liliingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na nilipomaliza darasa la saba mle ndani kulikuwa na marundo ya madaftari matupu yenye jina la dada yangu kwenye jalada, kwa mwandiko wangu, maana mama hakujua kuandika. Nilikua nikidhani kila nyumba ina sanduku la namna hiyo.

Mwaka ninaousimulia ni tisini na tano. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjomba alikuwa ameshanitafutia mume, mgane mmoja mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kukohoa kohoa na kunitazama miguu. Njia ya pekee ya kumkwepa ilikuwa chuo kidogo cha uuguzi cha misheni, nje kidogo ya Kasulu, ambacho siku hizi hakipo tena. Kilichukua wasichana wa darasa la saba, kadi ya ubatizo ikatosha kuwa cheti. Shida ilikuwa fomu ya maombi. Ada yake ilikuwa kubwa kwa makusudi, ili wasijae watu, na mama asingeipata hata angeuza maharage yote ghalani. Ila kulikuwa na utaratibu mmoja ambao katekista aliutangaza kanisani: utafanyika mtihani wa bure, na watakaopata alama za juu watasamehewa ada ya fomu, waombe bila kulipa chochote. Mama alikwenda mwenyewe kuniandikisha. Katekista alikuwa mgeni, katoka Makere, hakutujua. Alipouliza jina la binti, mama akataja mawili, kama alivyozoea kila mahali, na katekista akaandika mawili. Aliporudi akaniambia kwa utulivu kabisa, huku anachambua mchele, "Nimewaandikisha." Nilielewa mara moja. Nikanyamaza, kwa sababu kumkatalia kungenilazimu kulitamka lile neno.

Nilishuka Kasulu kwa lori la mahindi, nikafikia kwa shangazi Odilia, dada wa baba. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa udongo usiofika juu, hivyo kilichosemwa huku kilisikika kule. Alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu chenye mawese mengi, akakaa kunitazama nikila, akinitania kwamba huko Kibondo hatuli bali tunaonja. Baada ya chakula, jua bado lipo, jirani yake alipita kuomba moto. Nikiwa nimejinyoosha kwenye mkeka nikawasikia wakiongea upande wa pili. "Wageni wako wamefika salama?" jirani aliuliza. "Mgeni," shangazi akamsahihisha, "mmoja tu, binti wa kaka." Jirani akacheka kidogo. "Acha utani, Odilia. Nimewaona wawili wakishuka kwenye lori. Mwingine alitangulia, huyu akamfuata." Baadaye aliingia kwa kisingizio cha kutafuta ungo, akaangalia pembe zote za chumba, akatoka bila ungo. Mpaka leo sijui yule jirani aliona nini. Kasulu palikuwa na watu wengi mwaka ule, wakimbizi wanaingia kila juma, na kwenye lori kama lile mtu asingekosa wa kushuka naye. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Asubuhi ya mtihani ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba chuo nilikisikia kabla ya kukiona, kengele kwanza, halafu ukuta. Ukumbini madawati yalikuwa yamepangwa kwa mistari, kila moja na karatasi yenye jina. Langu lilikuwa la pili kutoka nyuma. La mwisho, nyuma yangu kabisa, liliandikwa Bukuru. Nililiangalia likiwa tupu, kiti kimevutwa kidogo nje, kalamu imewekwa sawasawa, nikaona haya kwa niaba ya mama. Katibu wa chuo, mzee mfupi wa miwani aliyesimamia kila kitu pale, akagonga meza. "Tazama mbele. Atakayegeuka nyuma, kwa sababu yoyote, anatoka nje na mtihani wake umekwisha. Mmenielewa?" Tukaitika. Akaanza kuita majina, na wasichana wakajibu nipo, nipo, nipo. Alipoita Bukuru nilifumba macho nikingoja ukimya. Nyuma ya mgongo wangu, karibu kabisa, sauti ya msichana ikasema, "Karame."

Karame ni jibu la kizamani. Maana yake uishi maisha marefu. Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha kuitika mkubwa akituita, na shuleni nilichekwa mpaka nikaacha. Katibu akaweka alama kwenye orodha yake bila kuinua macho, akaita jina langu. Akaita tena. Nikasema nipo, kwa shida, na jasho likanitiririka mgongoni pale pale ambapo nilihisi pumzi ya yule aliyeitika. Nimeona mengi wodini, nimewafunika watu macho kwa mkono huu, lakini hofu ya saa zile mbili sijaipata tena. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza karatasi bila kupumzika, haraka, kama mtu aliyesubiri miaka mingi apewe la kuandika. Yangu ilisimama. Hesabu nilizozijua kwa kichwa zilipotea. Swali moja liliuliza kuhusu mgonjwa anayekunywa dawa mara tatu kwa siku, atamaliza lini, nami nilikaa nalo mpaka tarakimu zikaanza kutembea. Nilinusa moshi wa kuni na nguo mbichi. Kabla muda haujaisha nikasikia kiti kinasukumwa, karatasi inapelekwa mbele kwa njia ya pembeni, miguu isiyo na viatu inatoka. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu, sweta kubwa la kiume likimezwa na ukungu mlangoni. Tuliporuhusiwa kusimama niligeuka. Kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na nyayo za maji, kutoka dawati lile mpaka nje.

Sikumwambia shangazi. Kwa mama sikuwa na haja ya kusema, maana nilipofika Kibondo alinitazama usoni akajua. "Alikuja," alisema, wala hakuwa anauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaenda kulifungua lile sanduku akakaa nalo mchana kutwa, akiyafungua madaftari moja moja, ukurasa kwa ukurasa, kuona kama kuna kilichoandikwa. Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mama alikuwa na furaha ya mtu aliyepata barua kutoka mbali, na mimi sikuthubutu kwenda kisimani bila mtu wa kufuatana naye. Mgane alileta mbuzi. Mjomba akamfunga nyuma ya nyumba, na kila alipolia nilijua siku zinakwenda.

Majibu yalisomwa kanisani Jumapili moja baada ya misa. Kwa parokia yetu aliyesamehewa ada alikuwa mmoja tu, na alikuwa wa kwanza kati ya wote waliofanya mtihani, Kasulu na Kibondo. Bukuru. Aende chuoni na kadi ya ubatizo akachukue barua ya msamaha pamoja na fomu. Wengine, na mimi nikiwemo, tulikuwa huru kununua fomu kama tunazo. Mama alipiga kigelegele kanisani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Nyumbani akanipa kadi ya dada yangu, iliyokaa miaka kumi na mitano kwenye kitambaa, haina hata kunjo. "Ameandika kwa ajili yenu wote wawili," aliniambia. "Mwana wanje, mwanangu, nenda ukapokee. Usimvunje moyo." Nami, sitaficha, nilikuwa nimeshaanza kuamini. Ukiogopa kitu muda mrefu halafu kikakuletea zawadi, unakuwa na sababu ya kukipenda.

Nilipofika Kasulu katibu hakuwepo, aliitwa Kabanga kwa ndugu yake mgonjwa, nikaambiwa nirudi kesho. Shangazi hapendi mtu akae bure. Akanipa ndizi na vipande vya muhogo, akanielekeza soko la pembezoni mwa kambi ya Mtabila, ambako wakimbizi walikuwa wakibadilisha mafuta na mbaazi za mgawo kwa vyakula vya mashambani. Nilikwenda asubuhi, ukungu haujanyanyuka vizuri, watu wanatokeza vichwa kwanza. Nilikuwa nimeinama napima mafuta kwenye chupa wakati mwanamke mmoja alipoita kwa sauti ya kukaripia, "Bukuru we!" Na nyuma yangu, karibu kabisa, ile sauti ikajibu, "Karame."

Safari hii hakuna aliyenikataza kugeuka, lakini nilikawia. Alikuwa msichana wa umri wangu, mrefu kunishinda, amevaa sweta la kiume lililofunika mikono mpaka vidole, hana viatu. Hakufanana na mimi hata kidogo. Niliona nafuu, na papo hapo nikasikia uchungu mkali, kana kwamba dada yangu amefariki asubuhi ile na mimi ndiye wa kwanza kuarifiwa. Yeye alinitambua kwanza. "Ni wewe ulikuwa mbele yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kirundi, akitabasamu. "Ulikuwa unatetemeka mpaka meza yangu inatikisika." Nikamuuliza aliingiaje. Akaeleza bila kificho. Alikuwa amekwenda kuuliza kama watu wa kambini wanaruhusiwa mtihani, mvua ikamnyeshea njiani, mlangoni hakukuwa na mtu, akaona kiti kitupu na jina lake juu ya meza. "Nikasema hawa watu wamenijuaje? Nikakaa. Wakaita jina langu, nikaitika." Nyumbani kwao Ruyigi, Burundi, alikuwa kidato cha pili wakati vita vilipowakuta. Siku ya mtihani aliondoka kabla ya wengine kwa sababu alitakiwa kuwahi kambini, ugawaji wa chakula ulikuwa siku ileile.

"Na Toyi wako?" nilimuuliza. Ni swali la kawaida, ukikutana na Bukuru lazima umuulize. Akaangalia mbaazi zake. "Toyi alibaki njiani," alisema. Na yeye hakulitumia lile neno. Kisha akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia jina langu. Akalirudia polepole, Toyi, akaushika mkono wangu akakaa nao. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vya baridi. Aliniambia mgawo umepunguzwa, sasa wanakula mara moja kwa siku, wadogo wanapewa kwanza, lakini mtihani ule haukuwa mgumu na tangu siku ile anasali. Halafu akauliza, "Majibu yalishatoka?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa natembea, nikiwa nafunga kidonda cha mtu. Nimelijibu vizuri, kwa sauti, nimemshika mkono nikampeleka kwa katibu mwenyewe. Siku ile nilimwona yule mgane akikohoa, nikamwona mbuzi nyuma ya nyumba. Nikasema, "Bado." Akaitikia kwa kichwa. "Ukisikia, njoo uniambie. Uliza Bukuru wa sweta, wote wananijua." Alinijazia mbaazi kikombe kizima ndani ya mfuko wangu na akakataa katakata kupokea ndizi, kwa sababu, alisema, dada hauziani na dada.

Kesho yake katibu aliniangalia juu ya miwani. "Wewe ndiye Bukuru?" Alinyoosha mkono kupokea kadi. Nikasema ndiyo mimi, na hakuna kilichotokea, hakuna mlango uliojifunga wala mtu aliyepiga kelele. "Umetufurahisha sana, binti. Karatasi safi, haina hata mkwaruzo." Nikatia sahihi jina lake. Nilijifariji kwamba mkimbizi wasingempokea kwa vyovyote vile, na kwamba kumtaja kungemtia matatani. Faraja hiyo ilidumu mpaka masomo yalipoanza, nilipowakuta bwenini wasichana wawili kutoka Mtabila, wamepokelewa kwa barua ya padri tu, bila taabu. Walilala vitanda viwili kutoka changu. Sikuwahi kuwauliza kama wanamjua. Nilipopata ujasiri wa kwenda kambini kumtafuta ulikuwa umepita mwaka na nusu, na nilipouliza Bukuru wa sweta nikaambiwa amehamishwa, wengine wakasema amerudi Burundi, wengine wakasema hawajawahi kumsikia. Sasa hata kambi yenyewe haipo. Ila kazini, muda wote huu, likiitwa jina la Bukuru kwenye foleni ya wagonjwa mimi ndiye wa kwanza kuinua kichwa, na huwa siitiki mpaka nimehakikisha hakuna mwingine anayesimama.

Lakini jambo ninalolibeba kwa uzito kuliko barua ni la jioni niliyorudi Kibondo. Mama alikuwa anakoka moto. Niliweka barua mapajani mwake, hakuweza kuisoma, akaligusa tu lile jina kwa kidole nilipomwonyesha lilipo. Mbuzi angerudishwa, alisema, atakwenda kumwambia mjomba mwenyewe. Kisha akanisogelea, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Safari hii ulimwona?"

Nilikuwa nimeshachoka kuficha. "Nilimwona, mama."

"Mawe, mama wee! Yukoje?"

Nikamweleza. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nikamwambia ni mrefu kunishinda, ana meno makubwa ya mbele, anacheka upesi, ana akili sana, amevaa sweta kubwa, na akiitwa anaitika karame. Mama aliziba mdomo kwa kanga na machozi yakamtoka, akawa anasema amekua, jamani amekua, akanifanya nirudie la sweta na la meno. Nilirudia. Sikuwa nimewahi kumpa mtu yeyote furaha ya kiasi kile. Alipotulia alijipangusa uso, akachochea kuni, akaniuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza.

"Na chakula je? Anakula?"

"Anakula vizuri, mama," nikasema. "Anashiba."